Siku moja maishani mwangu: gari linalokula oili

Saa 12:40 asubuhi. Nimewahi gereji kabla ya vijana wangu, kwa sababu kuna gari la mama mmoja lililolala hapa na nataka liwashwe likiwa bado la baridi. Limetembea kilomita 243,000. Jana jioni nilitandaza boksi chini ya injini. Nalivuta sasa: tone moja tu, kubwa kama kifungo cha shati, usawa wa gasketi ya tapeti kava, kile kifuniko cha juu ya injini. Basi oili haimwagiki, inaungua.

Saa 1:05. Kijana anapiga stata, mimi niko nyuma kwenye ekzosi. Moshi wa bluu unatoka mzito, sekunde kumi hivi, halafu unakata. Huo ndio niliokuwa nausubiri. Usiku oili huteremka taratibu kwenye shina za vali, milango ya kuingiza hewa na kutoa moshi kwenye silinda, kupitia sili zilizokauka, zile mipira midogo ya kuzuia oili, ikakaa ndani ya silinda kungoja asubuhi. Lakini ringi, zile pete za pistoni, zikichoka, moshi huzidi ukikanyaga mafuta, hasa gari likiwa na mzigo au likipanda mlima.

Saa 3:00. Mwenye gari amefika.

"Mwanangu, kule nilikotoka waliniambia injini imekufa, ninunue nyingine."

"Haijafa, mama. Oili unaongeza lini?"

"Taa ikiwaka."

Hapo moyo umeniuma. Taa ile ni ya presha ya oili, haipimi kiasi. Inapowaka, huenda vyuma vimeshaanza kusagana bila utelezi. Nimemwita kwenye boneti, nikachomoa stiki, nikaifuta, nikairudisha, nikaichomoa tena. Nikamshikisha aone mwenyewe alama mbili. Kwenye magari mengi, kutoka alama ya chini hadi ya juu ni kama lita moja. Pima gari likiwa limesimama pa tambarare, injini imezimwa dakika chache. Gari la umri huu lipimwe kila wiki.

Saa 4:30. Tumefungua plagi. Mbili zimelowa, nyeusi. Nimepima kompresheni, yaani mgandamizo wa kila silinda, kwa psi: 165, 160, 160, 155. Nikatia kijiko cha oili kwenye ile ya 155 na kurudia. Imepanda kidogo sana. Ingepanda sana, ningeshuku ringi; basi ringi za juu zinabana vizuri. Ila sijamhakikishia kila kitu, maana ringi ya oili, ile ya chini kabisa, inaweza kuganda kwa masizi na kipimo hiki kisiione. Vali ya PCV nayo, inayopumulisha injini kwa kutoa mvuke ulionaswa ndani, nimeitikisa sikioni. Kimya. Nzima hulia kokoto. Hiyo tunabadilisha leo leo. Ikiziba, presha hujaa ndani ya injini na kusukuma oili nje kwenye sili.

Mchana umepita na breki za gari jingine.

Saa 8:15. Tumekaa kuongea pesa, na hapa sipendi kuharakisha mtu. Sili za vali zenyewe ni mipira midogo ya bei ndogo. Kinachogharimu ni saa za kuifikia. Kushusha injini na kuweka ringi ni gharama mara kadhaa ya hiyo. Injini iliyotumika hujui ilitunzwaje. Kuendelea kuongeza oili tu kunawezekana pia, lakini oili inayoungua huharibu plagi na kichujio cha moshi kwenye ekzosi. Nimemwambia nianze na sili, kisha tupime kwa kilomita 1,000. Zisipotosha, nitamwambia waziwazi kwamba zamu ni ya ringi. Amekubali.

Saa 9:00. Kamshafti, vyuma vinavyosukuma vali, zimetoka. Hedi, kile kichwa cha injini, haishuki: tunaingiza upepo wa kompresa kupitia tundu la plagi, unazishikilia vali zisidumbukie ndani ya silinda wakati springi imetolewa.

Saa 12:10 jioni. Sili nane kati ya 16 zimeisha kubadilishwa. Nimechukua sili moja ya zamani nikaibinya kwa vidole. Mpya hubonyea na kurudi. Hii imekatika vipande viwili. Nimevifunga kwenye karatasi, kesho nimwonyeshe mama.