Ile miayo ya mzee

Juzi zamu nzima tulikuwa manesi wawili kwa wagonjwa 12 wa dayalisisi, wale ambao mashine husafisha damu yao badala ya figo. Mzee mmoja mpole, hasumbui kamwe, akaanza kupiga miayo. Mashine haikulia. Nilikuwa napita tu kumwahi mwingine, nikaona jasho juu ya mdomo wake. Presha 80 kwa 45! Nikamlaza, miguu juu, nikasimamisha mashine isiendelee kuvuta maji mwilini mwake, nikamwongezea dripu. Alipofumbua macho akasema, "Asante, mwanangu."

Kuitambua miayo ile kuwa dalili ya presha kushuka sikufundishwa darasani. Alinifundisha dada mkuu wa zamu, yule yule aliyeushika mkono wangu akauweka juu ya fistula, yaani mshipa wa mkononi uliounganishwa kwa upasuaji ili uchomwe sindano za mashine, akaniambia nisikie kwanza mtetemo kwa vidole, sindano baadaye. Ilichukua miezi kabla hajaniacha nichome peke yangu. Siku hizi nesi mgeni anapewa wiki mbili, kisha anakabidhiwa wagonjwa. Inaniuma sana. Na utamfundisha saa ngapi, mashine ya upande wa pili inakuita?

Leo mzee amerudi kwa saa zake 4. Nimemwomba ruhusa, nikauweka mkono wa mgeni wetu juu ya fistula yake. "Unausikia?" Akatikisa kichwa. Tukarudia.