Tulivyomaliza tatizo la "muda umezidi" kwenye mchujo wa ICPC

ICPC ni mashindano ya kimataifa ya kuandika programu kwa wanafunzi wa vyuo vikuu; timu ina watu 3, kompyuta 1 na saa 5. "Muda umezidi" ni jibu la kukataliwa unalopewa programu yako ikichelewa kumaliza. Kila jibu lililokataliwa huongeza dakika 20 za adhabu ukija kulipata swali hilo, kwa hiyo usitume kwa kubahatisha.

Kilichotuvusha hadi fainali ni usomaji wa data. Kwenye C++, namba 1,000,000 zikisomwa kwa cin (amri ya kusoma data) ya kawaida huweza kula muda wote. Mwanzoni mwa main weka ios::sync_with_stdio(false); na cin.tie(nullptr), kisha usichanganye tena cin na scanf (amri ya kusoma data ya lugha ya C). Badilisha endl kuwa '\n', maana endl humwaga bafa (hifadhi ya muda ya matokeo) kila mstari.

Jibu likitoka hasi bila sababu, huenda int (aina ya namba nzima yenye kikomo) imefurika: 100,000 × 100,000 inapita 2,147,483,647. Kulihifadhi kwenye long long (aina yenye kikomo kikubwa zaidi) pekee hakusaidii, maana kuzidisha kwenyewe bado hufanyika kwa int. Andika 1LL * a * b, ambapo a na b ni namba unazozidisha.