Bar 1.2 za Nairobi si Bar 1.2 za Mombasa: Nilivyobadilisha Turbo ya Subaru Yangu ya Dragi

Ukifungua boneti ya Subaru mbele ya wapenzi wa magari Nairobi, swali la kwanza ni lile lile: "Inapiga bar ngapi?" Yaani turbo, kifaa kinachozungushwa na moshi wa ekzosi, inaisukumia injini hewa kwa presha gani. Ukijibu 1.0 wanakuonea huruma. Ukijibu 1.5 wanakupa tano. Hakuna anayeuliza gari liko mita ngapi juu ya bahari, ilhali hesabu yote ya turbo inaanzia hapo.

Gari langu ni Impreza WRX ya bodi ya GDA, injini ya EJ20 ya cc 1994, lililotoka Japani na turbo ndogo ya TD04L. Kwa mjini turbo hiyo ni tamu. Inaamka mapema, unapita matatu bila kushusha gia. Kwenye dragi, mbio za mstari ulionyooka za robo maili, yaani mita 402, mambo hubadilika. Ikipita mizunguko 5,500 kwa dakika pumzi inakata, sindano ya busti, ile presha inayoongezwa na turbo, inaanza kurudi, na gia ya tatu na ya nne bado zinakungoja. Nilitaka nguvu farasi 330 hivi, kwa petroli ya kituoni, bila kuifungua injini.

Kabla ya kununua chochote nilikaa chini na kalamu. Usawa wa bahari, presha ya hewa ni kama bar 1.01. Nairobi, kwenye mita 1,700 hivi, ni bar 0.83 tu. Saa ya busti haionyeshi presha nzima iliyomo kwenye manifoldi, yale mabomba ya kuingizia hewa kwenye injini; inaonyesha ziada juu ya hewa ya pale ulipo. Saa ikisoma 1.2 Mombasa, ndani mna bar 2.21. Ikisoma 1.2 Nairobi, mna 2.03. Umepunjwa asilimia 8 hivi ya hewa na saa imenyamaza kimya.

Ajabu ni kwamba turbo ya huku juu, inayotoa hewa kidogo, ndiyo inayotaabika zaidi. Kompresa, ile feni ya turbo inayosukuma hewa, haijui bar za saa. Inachojua ni hewa imeingia na presha gani na itoke imezidishwa mara ngapi. Mombasa ni mara 2.2. Nairobi, 2.03 gawanya kwa 0.83, ni mara 2.45. Na ukishupaa upate hewa sawasawa na ya Mombasa, saa itabidi isome karibu 1.4 na uwiano huo upande hadi 2.66. Kadiri uwiano unavyopanda ndivyo joto linavyopanda. Nilipiga hesabu ya hewa inayoingia na nyuzi 25, kompresa yenye ufanisi wa asilimia 75. Kwa uwiano wa Mombasa inatoka na nyuzi 124 hivi, kwa ule wa Nairobi nyuzi 140. Turbo ndogo ikisukumwa kupita uwezo wake, ufanisi ukaanguka hadi asilimia 65, hewa hiyo hiyo inatoka na nyuzi 157. Na kuongeza bar kwenye TD04L huku juu kunakupeleka huko huko.

Basi niliacha ushauri wa watu wa Dubai na Florida, wanaoishi usawa wa bahari, nikaanza kusoma ya watu wa Denver, mji wa Marekani ulio juu kama wetu. Bandimere Speedway, uwanja wa dragi uliokuwa nje kidogo ya mji huo na ambao msimu wake wa mwisho ulikuwa 2023, ulikaa kwenye mita 1,770 hivi. Nairobi kabisa! Na turbo yenyewe ilijipatia sifa katika jimbo hilo hilo la Colorado: mwaka 1918 Sanford Moss wa kampuni ya General Electric alipandisha injini ya ndege ya Liberty hadi kileleni Pikes Peak, zaidi ya mita 4,200, akathibitisha kwamba turbo inairudishia injini nguvu inayoporwa na hewa nyepesi. Kifaa kilichosifika kwa kushinda mwinuko, sisi tunakipima kana kwamba sote tunaishi Likoni, kando ya bahari.

Nilichagua turbo ya TD05H-18G, kubwa kuliko TD04L. Inakaa pale pale pa ile ya zamani bila kukatakata manifoldi ya ekzosi, na kwa nguvu niliyoitaka, uwiano wa 2.5 hauifikishi ukingoni. Marafiki walinishawishi nipande hadi 20G, au Garrett kubwa ya beringi za gololi. Nilikataa kwa sababu hewa nyepesi huchelewesha pia kuamka kwa turbo. Kabla busti haijaja injini inavuta hewa kidogo, inatoa moshi kidogo, na moshi ndio unaozungusha turbini, feni ya turbo ya upande wa ekzosi. Kwa hiyo turbo kubwa ikifika Nairobi huwa kama imeongezwa saizi nyingine. Kwenye dragi unaanza umesimama. Busti ikikosekana mita 20 za kwanza, mwenzako ashaenda.

Vingine nitavitaja mbiombio. Nozeli za kunyunyizia mafuta za cc 740 kwa dakika, ambazo kwa hesabu za kawaida zinamudu nguvu farasi 400 bila kufunguka zaidi ya asilimia 85 ya muda wake. Pampu ya Walbro ya lita 255 kwa saa. Plagi za baridi kwa hatua moja, pengo milimita 0.7. Bomba la inchi 3 kutoka kwenye turbo. Na intakula, kipoza hewa ya turbo, ya mbele badala ya ile ya juu ya injini, na hiyo nitaitetea mbele ya yeyote. Intakula ya juu ya Subaru imeketi jirani na turbo. Ukiwa kwenye foleni ya kungoja zamu, upepo hakuna, inapikwa kutoka chini, na taa ikiwaka unaondoka na hewa ya moto.

Fundi wangu ni Mmombasa aliyehamia Industrial Area miaka mingi. Kabla ya kuwasha alichomoa fyuzi ya pampu ya mafuta, akapiga stata mpaka oili ikaonekana ikitiririka kutoka mrija wa kurudishia, maana turbo mpya ikizunguka kavu hata kwa sekunde chache beringi zinaumia. Kisha akaziba mdomo wa kuvutia hewa na kupuliza moshi ndani kwa presha. Tulizima taa za gereji, tukamulika kwa tochi. Uzi mwembamba wa moshi ulikuwa unachungulia chini ya klipu ya mpira unaoingia kwenye throto, mlango wa hewa wa injini, upande usioonekana ukisimama mbele ya gari. Klipu ilionekana imekaza vizuri kabisa. Gari lenye uvujaji kama huo, kompyuta yake inadanganywa kuhusu hewa na mafuta, na turbo inaongeza mizunguko kufidia kile kinachopotea.

Kwenye daino, ile mashine ya kupimia nguvu, tulianza na springi ya westigeti, kilango kinachoipunguzia turbo moshi busti ikitosha, peke yake, bar 0.7. Kwanza mafuta: lambda, kipimo cha hewa kwa mafuta, kati ya 0.78 na 0.80 gari likiwa kwenye mzigo kamili. Taimingi, wakati wa plagi kuwaka, tuliirudisha nyuma sana, kisha tukaiongeza digrii moja moja. Injini za Kijapani kama hii zilipangiwa petroli yao ya oktani 100, kwa hiyo ramani, mipangilio ya kompyuta ya injini, iliyokuja na gari haiwezi kuaminiwa kwa petroli yetu hata kabla hujagusa turbo. Hatari ni kugonga, pale mchanganyiko unapolipuka kivyake kabla moto wa plagi haujaufikia. Pistoni za EJ hazina ngozi ya kuvumilia hilo.

Fundi alikuwa amefunga kipande cha bomba la shaba kwenye boliti ya bloku, akaunganisha mpira mpaka kwenye vile viziba masikio vya wafanyakazi wa mashine, akavivaa.

"Si sensa ya kugonga ipo, fundi?" nikamuuliza.

"Sensa ipo, mkubwa, lakini yasikia kila kelele. Mimi nataka kelele moja."

Alikaa kando ya gia amefumba macho. Mlio wenyewe, alivyonieleza, ni kama changarawe zinazotupwa kwenye debe, na hauna mazungumzo: akiinua kidole, naondoa mguu kwenye mafuta. Alikiinua. Tukarudi nyuma digrii mbili, tukaacha hapo. Nguvu tuliyoipoteza ilikuwa ndogo kuliko tofauti ya kipimo kimoja cha daino na kinachofuata, kwa hiyo anayeng'ang'ania digrii hizo anapigania karatasi.

Busti tuliipandisha taratibu hadi 1.2 kwenye mizunguko 4,000, ikishuka yenyewe hadi 1.05 kwenye 7,000. Huko juu ndiko joto la hewa linakopaa, na kushikilia 1.2 mpaka mwisho kulituongezea nyuzi nyingi na nguvu ya kuokoteza. Kwa ajili ya kuondoka tuliweka kikomo cha mizunguko 4,500 gari likiwa limesimama, taimingi ikicheleweshwa ili moto ukamalizikie kwenye ekzosi na kuizungusha turbo. Haitakiwi kushikiliwa zaidi ya sekunde mbili tatu, turbini inakuwa nyekundu.

Huku juu, robo maili iliyokuwa ikinichukua sekunde 15 na ushei ilishuka chini ya 13.5. Nafuu kubwa ilikuwa nusu ya pili, pale turbo ya zamani ilipokuwa ikikata pumzi.

Halafu likaja suala la kuteremka pwani. Wengi huliona kama zawadi, hewa nzito ya bure. Lakini westigeti nayo inapima ziada tu. Ukienda na mipangilio ile ile ya Nairobi saa itasoma 1.2 kama kawaida, na ndani ya silinda kuna presha ambayo taimingi yako haikuipangia, tena katika joto la Mombasa. Tuliweka ramani ya pili ya bar 1.0, ambayo usawa wa bahari inatoa bar 2.01 kamili, karibu sawa na 1.2 ya nyumbani. Uwiano unashuka hadi 2.0 na turbo inafanya kazi bila kutoka jasho. Vijana waliochungulia saa yangu pale chini walicheka: "Bar moja tu?" Gari lilikuwa linaamka mizunguko kama 400 mapema kuliko Nairobi, na muda ukapungua tena kidogo.

Kinachonirudisha nyuma sasa ni giaboksi. Hii ya gia tano ya WRX haipendi kuondoka kwa nguvu, na ya tatu imeanza kulia. Ya gia sita ya STI, kaka yake WRX, nimeiulizia Kirinyaga Road, bei nimeisikia, na wale wanaonisukuma ninunue 20G nimewaambia waanze kunichangia.