Kutoka Kisauni mpaka Kibera, nilienda kuona viwanja vilivyopangwa na wenyewe

Nimerudi Mombasa juzi alfajiri na kichwa changu bado kiko Kibera, kwa hivyo wacha niandike kabla sijasahau. Wanaonijua wanajua mimi nauza miche, kitalu changu kiko kando ya barabara huku Kisauni, na bustani za watu nimezifanya miaka kumi na kitu. Sasa mtaani kwetu tulikuwa na kiwanja, si kikubwa, kina mkungu mmoja mzee ambao chini yake wazee walicheza bao, mama wa mahamri alikuwa na meza yake, na watoto wakitoka chuoni wanapita hapo hapo kuokota kungu. Mwaka juzi ukaja mradi, wakaja na michoro imeshapigwa chapa kwa rangi, mkutano ukaitwa saa nne asubuhi siku ya kazi, waliohudhuria wanaume sita na mwenye mic. Mkungu ukakatwa. Wakatandaza vitofali vya saruji na viti vya zege katikati ya jua, na ukitaka kujua vile viti vikoje saa saba mchana weka kiganja chako uone. Halafu ile saruji waliinyanyua juu kuliko vizingiti vya nyumba, mvua za Mei zilipokuja maji yakaingia vyumbani kwa watu. Maji yale yana njia yake ya miaka yote na kila mama pale anaijua, ila hakuna aliyeulizwa.

Nilikasirika sana, na mkungu ule mpaka leo unaniuma. Basi chama chetu cha wamama kikasema tusikae kulia, kuna watu Nairobi wamefanya viwanja kwa kukaa chini na wenye mtaa kwanza, mmoja wetu aende aone kwa macho. Wakanichangia nauli. Treni, shilingi 1,500 ya ekonomi kwenda, 1,500 kurudi, na kitu kidogo cha kula, na mimi nikabeba mabuyu na miche minane ya asumini kwenye boksi, maana kwenda kwa watu mikono mitupu sijafunzwa.

Treni ya saa mbili asubuhi kutoka Miritini ndiyo inayosimama simama, Mariakani, Voi, Mtito, Emali, na mimi napenda hiyo kwa sababu unaona nchi inavyobadilika polepole, mnazi unakuacha, mbuyu unakuja, kisha udongo mwekundu wa Tsavo na tembo wamejipaka udongo huo huo mpaka unadhani ni vichuguu vinatembea. Nilikaa dirishani muda wote. Syokimau tukafika alasiri, nikaunganisha na treni ya mjini, nikalala kwa binamu yangu, baridi ya Nairobi wacha tu.

Asubuhi nikapanda matatu namba 8 kuelekea Kibera na tukapita kando ya Uhuru Park, hapo moyo ukashtuka kidogo. Kama si mwanamke mmoja, 1989, leo pale pangekuwa na jengo la ghorofa 60. Wangari Maathai aliandika barua kwa kila mkubwa aliyemjua, ndani na nje ya nchi, akisema bustani hii ni ya watu wa kawaida, hawana pengine pa kukaa. Wakamtukana bungeni, wakaliita shirika lake kundi la wanawake walioachika, akaambiwa kwa mila zetu mwanamke anafaa kuheshimu wanaume na kunyamaza. Hakunyamaza, wenye pesa wakajitoa na jengo likafa. Yaani mtu akiniambia mambo ya bustani na viwanja hayana siasa, mimi namwonyesha pale.

Nilishuka Makina, upande wa juu wa Kibera. Mwenyeji wangu, dada wa makamo anayefanya kazi na vikundi vya mtaa, akasema kabla ya kushuka mtoni twende kwanza kwa mzee mmoja Mnubi, jirani yake, kwa sababu huwezi kuongea habari ya ardhi ya Kibera bila kuanzia hapo. Mzee katukaribisha kwa chai, akaniuliza kwetu wapi, nikasema Kisauni, akacheka akasema basi wewe ni mwanangu, sote tuliletwa hapa na reli. Akanieleza kwamba jina lenyewe ni kibra, kwa Kinubi msitu, na babu zao walikuwa askari wa KAR, jeshi la Mwingereza, waliotolewa Sudan, wakapewa pale pa kukaa, na 1918 ikaandikwa rasmi kwenye gazeti la serikali zaidi ya ekari 4,000. Hati ya jamii walikuja kuipata 2017, ekari 288. Alisema hizo namba mbili taratibu, moja baada ya nyingine, halafu akanyamaza akamimina chai. Nikafikiria, huyu angeitwa kwenye mkutano wa kupanga uwanja, angekuja na hiyo historia yote kifuani, na kuna wataalamu wangesema mzee tuharakishe muda unaenda.

Kutoka Makina tukavuka reli tukateremka, na Kibera ni mteremko kweli, picha hazionyeshi hilo. Vichochoro vyote vinakupeleka chini, maji machafu yanakwenda pamoja na wewe, mabati kushoto mabati kulia, harufu ya omena na chapati, redio, watoto wa shule, mpaka unatokea huku chini kwenye mto Ngong unaoelekea Nairobi Dam. Lile bwawa lilijengwa miaka ya hamsini na watu walikuwa wakiendesha mashua za tanga pale, sasa limefunikwa na magugu maji na taka. Pembeni ya mto nikaona nduma zimestawi vizuri sana na migomba, nikajua hapa kuna watu wanaoijua ardhi hii, nduma haijipandi yenyewe kwa mistari.

Ndipo tukafika kwenye uwanja wenyewe. Hii kazi inaitwa Kibera Public Space Project, na wanaoisimamia ni Kounkuey Design Initiative, watu huko wanasema KDI tu. Shirika hilo lilianza 2006 na wanafunzi sita waliokuwa wanasoma usanifu na mipango Harvard, mmoja wao Mkenya, Arthur Adeya, msanifu wa mandhari, na mwingine dada wa Thailand, Kotchakorn Voraakhom, ambaye baadaye kawatengenezea watu wa Bangkok bustani kubwa ya kumeza maji ya mvua. Hilo neno kounkuey ni la Kithai, maana yake kukijua kitu kwa ukaribu. Nikapenda. Hawaji na mchoro, wanatafuta kikundi cha mtaa ambacho tayari kipo, wanakaa nacho miezi na miezi, wanauliza nini kinawauma na nini mnacho, ndipo kalamu inashika karatasi. Na kikishajengwa, kikundi ndicho kinachoendesha, choo kinalipiwa kidogo, ukumbi unakodishwa, pesa inarudi kwenye kufagia na kutengeneza.

Ukingo wa mto umeshikwa na gabioni, yale masanduku ya waya yaliyojazwa mawe. Mimi nimeona kuta za zege zikisukumwa na maji mpaka zinapasuka, lakini gabioni maji hupita katikati ya mawe, presha inatoka, udongo unabaki. Juu yake majani yameshaota mizizi imeingia humo humo. Mama mmoja wa kikundi akaniambia mawe yale walibeba wenyewe na wakalipwa, na alilitamka hilo neno kulipwa kwa nguvu sana, maana kuna miradi inakuja ikasema jamii ichangie jasho wakati mwenye suti analipwa kwa siku.

Huyo mama ndiye aliyenizungusha, na kuna kitu kimoja alinionyesha sitakisahau. Ngazi. Ngazi za kushukia kwenye bomba na pa kufulia. Nikazipanda nikashuka, nikahisi zina kitu, miguu haisumbuki, nikainama nikapima kwa mkono, hata shibiri haifiki. Akaniambia, "Mum, mchoro wa kwanza zilikuwa refu. Sisi tukasema hapana, leteni mtungi." Wakaleta mtungi wa lita 20 umejaa, wakampa kijana aliyechora apande nao ngazi ya jirani iliyo na kimo kile kile. Alipanda mara mbili tu, akakaa chini, akafuta mstari. Na kule pa kufulia, slabu imeelekezwa upande wa bembea, unafua huku unamwona mtoto. Mwanzo ilikuwa inatazama mto kwa sababu ya mandhari, eti ukifua uone mto, wamama wakasema mto tunauona kila siku, tunataka kuona watoto.

Nikamuuliza, hivi mlisemaje mkasikika, kwa sababu kwetu mkutano wa wote mwanamke anakaa nyuma na mic haimfikii. Akasema hata kwao ilikuwa hivyo, kwa hivyo wakaomba wakae peke yao kwanza, jioni baada ya kupika, na watoto waweko, na vijana peke yao, na wale wa kutembea kwa magongo wakafuatwa nyumbani, ndipo baadaye wote wakakutana kila kundi limeshajua linataka nini. "Ukiwa na kitu mkononi huwezi kunyamazishwa," ndivyo alivyoniambia, na kweli walikuwa na viboksi vya karatasi, hiki choo, hiki duka, hiki bembea, wanasogeza mezani mpaka wakubaliane, na waligombana, asikwambie mtu, kulikuwa na siku watu walitoka hawasalimiani.

Si kwamba kila kitu ni kizuri. Niliona mahali waya umekatwa, niliona taka zimerudi upande mmoja. Na mto ni mto, zile mvua za Aprili na Mei 2024 zilipiga Nairobi vibaya sana, watu wakafa, kisha serikali ikaamuru waliojenga kando ya mito wahame, nyumba zikabomolewa mvua bado inanyesha. Uwanja mmoja mzuri hauwezi kuzuia mto unaojazwa taka na mji mzima huko juu. Hilo mama alilisema mwenyewe, halafu akaongeza kwamba siku ile maji yalipopanda, waliokuwa wanajua njia gani ya kutokea ni wale waliokaa kwenye vikao, kwa sababu walishaichora mara kumi.

Nikawaachia asumini. Wawili wakabishana pale pale ipandwe wapi, karibu na choo au karibu na kibanda cha mboga, nikasimama kando nikanyamaza, nikawaacha waamue.

Treni ya usiku sikulala. Jana jioni tukakutana kiwanjani kwetu, wamama tu, baada ya magharibi saruji imeshapoa, na badala ya kuchora nikawaambia kila mmoja atandike leso yake mahali angetaka kukaa kama pangekuwa na kivuli. Dakika tano tu. Leso zote zikaangukia upande wa magharibi, kwenye kisiki cha mkungu, hakuna hata moja iliyokwenda kwenye viti. Bibi mmoja, mkubwa kuliko sote, hakutandika kitu. Alikuwa amesimama na fimbo yake karibu na ukuta wa msikiti, nikamwendea, shikamoo bibi, wewe je? Akagonga chini kwa fimbo mara mbili.

"Hapa musikae mtu. Hapa ndipo maji hupita tangu mimi mwari."

Nikaokota jiwe nikaliweka pale.