Kumbukumbu ya mradi: Shaba, geti na bodaboda

Shaba ni dume la miaka miwili hivi, mchanganyiko wa mbwa wetu wa kienyeji na mbwa mwingine mkubwa, na uzito wake unakaribia kilo 30. Nilimpokea kutoka kwa familia iliyokuwa inahama mji. Tunaishi Tabata, nyumba ya ukuta yenye geti la chuma, na mbele ya geti ni njia ya bodaboda. Alikuja na tabia nne: anarukia kila anayeingia, anabwekea kila pikipiki, anavuta kamba hadi anakohoa, na ananguruma mtu akipita karibu na bakuli lake. Nataka kuzirekebisha zote bila kiboko na bila kumfunga mnyororo kutwa. Wazo ninalolishikilia ni moja: tabia inayorudiwa ni tabia inayomlipa mbwa. Tafuta inamlipa nini, kata malipo hayo, kisha ulipie tabia unayoitaka wewe.

Kabla ya yote

Nilianza kwa daktari wa mifugo. Mbwa mwenye sikio bovu au jino linalouma atang'ata akiguswa, na hakuna mafunzo yatakayomponya. Shaba alitolewa kupe, akapewa dawa ya minyoo na kuchanjwa kichaa cha mbwa. Chanjo hiyo haina mjadala kwangu. Karibu wagonjwa wote wa kichaa cha mbwa duniani huambukizwa na mbwa, na dalili zikishajitokeza kwa binadamu, kupona ni nadra mno. Nyumbani kila mtu anajua: ukiumwa na mbwa yeyote, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni mkwaruzo.

Jambo la pili lilikuwa matembezi. Mbwa anayefungiwa bandani tangu asubuhi hadi usiku ana nguvu nyingi zisizo na pa kwenda, na zote anazimalizia getini. Tunatoka alfajiri kabla jua halijawaka, kwa sababu mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi. Anajipoza kwa kuhema, na kwa joto na unyevu wa Dar hilo halimtoshi.

Januari: neno la malipo

Mbinu ninayotumia imethibitishwa hapahapa nchini, kwa wanyama wadogo kuliko mbwa. Pale Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, shirika la APOPO hufundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu kwenye makohozi. Panya akipatia, anasikia mlio mfupi wa kidude cha kubofya, kisha anapewa chakula. Mmoja wao, Magawa, aliyezaliwa Tanzania, alinusa mabomu ya ardhini na vilipuzi vingine zaidi ya 100 huko Kambodia, na mwaka 2020 akapewa medali ya dhahabu ya shirika la PDSA la Uingereza. Kila nikilikumbuka hilo najivunia. Kama panya anafika huko kwa mlio na kipande cha ndizi, mbwa wa Tabata atashindwaje kukaa chini?

Kidude sina. Natumia neno "ndiyo", fupi, kwa sauti ileile kila mara, na mara tu baada yake kinafuata kipande cha ini au pafu la kuchemsha, kidogo kama punje ya hindi. Ini linashinda biskuti zote za dukani nilizojaribu. Neno lazima litoke palepale anapopatia. Ukichelewa kidogo, unakuwa umelipia kitu kingine, labda kugeuza kichwa au kunusa chini.

"Kaa" aliipata haraka. Unapitisha ini juu ya pua yake ukilirudisha nyuma kuelekea kisogoni. Kichwa kinapanda, makalio yanashuka, "ndiyo", anakula.

Februari: kurukia watu

Hapa ndipo nilipoweka nguvu nyingi, na sababu inatokana na mtaa tunaoishi. Waislamu wengi wa pwani hufuata madhehebu ya Shafii, ambayo mate ya mbwa ni najisi, na panapoguswa panaoshwa mara saba, moja kwa udongo. Mzee wetu jirani hupita kunijulia hali Ijumaa akielekea msikitini, kanzu imenyooka. Mbwa akimrukia, amemharibia mzee wa watu safari ya swala. Hiyo ni dharau kwa jirani, na mwenye dhamana ni mimi niliyemfuga mbwa.

Mbwa harukii kwa ubaya. Kitoto cha mbwa hulamba mdomo wa mama yake kuomba chakula na kusalimu, na uso wa binadamu uko juu, kwa hiyo anaufuata huko. Sasa angalia analipwa nini: ukimsukuma, umemgusa, ukimfokea, umemsemesha, ukicheka, ndiyo kabisa. Vyote hivyo kwake ni salamu imepokewa.

Tulivyofanya: Shaba anafungwa kwa kamba kwenye nguzo ya baraza, mgeni anamkaribia. Akiruka, mgeni anageuka na kurudi alikotoka, kimya. Akikaa, mgeni anasogea, "ndiyo", ini. Mwanzoni hali ilizidi kuwa mbaya: aliruka juu zaidi, akabweka, akapiga kelele za kulia. Watu wengi huacha hapo wakisema mafunzo hayafai. Lakini mnyama aliyezoea kulipwa, malipo yakikatika ghafla, huongeza bidii kwanza ndipo aache. Vumilia kipindi hicho.

Kinachoharibu ni mtu mmoja nyumbani anayelegeza. Mdogo wangu alikuwa anamkumbatia Shaba akirukiwa, "mara mojamoja tu". Malipo ya mara mojamoja ndiyo magumu zaidi kufuta, kama vijana wa kubeti: mkeka mmoja ukitiki wanarudi kwa miezi. Tulikaa kikao cha familia, mama akatoa amri, na amri ya mama ikatimiza kilichobaki.

Kwa mzee jirani, salamu ya adabu haitoshi. Shaba hatakiwi kumfikia kabisa. Nikamfundisha kwenda kwenye gunia lake pembeni ya baraza na kulala hapo hadi aachiliwe. Tulianza na muda mfupi sana bila mtu, kisha mimi nikitembea uani, kisha geti likifunguliwa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Leo umemfunga?"

"Hapana mzee, yuko huru, ila yuko kwenye gunia lake."

Alisimama akamtazama kwa muda, kisha akasema, "Basi mwenyewe anajua mahali pake." Nilifurahi siku nzima.

Machi: geti

Kubwekea bodaboda kunajilipa kwenyewe. Pikipiki inakuja, Shaba anabweka, pikipiki inaondoka. Kwake, yeye ndiye aliyeifukuza, na anashinda kila mara kuanzia asubuhi hadi usiku. Nikaziba mapengo ya chini ya geti kwa bati ili asione magurudumu. Hatua hiyo peke yake ilipunguza kelele sana, na ndiyo ningemshauri mtu aanze nayo leo.

Halafu nikaja kwenye mlio wenyewe. Ivan Pavlov, mwanasayansi wa Urusi aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa utafiti wa mmeng'enyo wa chakula, alionyesha kuwa mbwa hutokwa mate kwa ishara inayotangulia chakula. Hapo kwenye "inayotangulia" ndipo penye kazi: mlio wa pikipiki kwanza, ini baadaye, hata kama hajafanya chochote cha maana. Tulianzia nyuma ya nyumba, karibu na karo, ambako mlio unasikika kwa mbali. Akikataa ini, nimemsogeza karibu mno, narudi nyuma. Sasa tumefika kwenye mwembe, nusu ya njia hadi getini, na boda ikipita ananigeukia kuangalia mkono wangu.

Kaka yangu ana hofu kwamba nitamwondolea ukali, na mbwa tunafuga atulinde. Naiheshimu hofu hiyo, vibaka wapo. Lakini mbwa anayebweka mchana kutwa hakuna anayeamka kwa ajili yake usiku. Mtu akigusa ukuta, Shaba abweke, mimi nitoke nitazame, niseme "asante", yeye aje kuchukua ini. Sehemu ya kuja bado inasuasua.

Bakuli na kamba

Ushauri niliopewa mara nyingi ni kumnyang'anya bakuli au kumlaza chali ili ajue bosi ni nani. Dhana hiyo ilipata nguvu kutokana na utafiti wa Rudolf Schenkel wa mwaka 1947, uliowahusu mbwa mwitu aina ya wolf (si wale wa mbuga zetu) waliofungiwa pamoja. Mwaka 1999 David Mech, aliyewafuatilia mbwa mwitu porini, alieleza kuwa kundi lao kwa kawaida ni familia: wazazi na watoto wao. Simnyang'anyi Shaba kitu. Kila napopita namtupia kipande kitamu kuliko kilichomo bakulini, bila kusimama. Akinguruma, simwadhibu, mngurumo ni onyo, na mbwa aliyefundishwa kuficha onyo ataruka moja kwa moja kwenye kung'ata. Siku hizi nikikaribia anainua kichwa na kutikisa mkia. Watoto bado hawaruhusiwi kumkaribia akila, na sheria hiyo sitaiondoa hata akiwa mpole vipi.

Kamba: ikikaza nasimama, ikilegea tunaendelea. Imechukua muda, lakini hakohoi tena.

Aprili: masika

Kinachonisumbua sasa ni radi. Anatetemeka, anachimba mlango. Simfukuzi, namwingiza koridoni, nafungulia redio, nakaa naye. Wanaosema kumbembeleza kutamzoesha woga wanakosea, maana woga hauongezeki kwa mtu kuwa karibu nawe. Mvua zikipungua nitaanza mazoezi na sauti ya radi iliyorekodiwa kwenye simu, kwa kiwango cha chini kabisa, pafu pembeni, nikipandisha pale tu anapoendelea kula.