Maziwa yalikwenda wapi?

Tangu juzi narudia kusoma Shamba la Wanyama cha George Orwell, kile cha 1945, na nimekwama kwenye maziwa. Wanyama wamemfukuza mwenye shamba, ng'ombe wamekamwa, ndoo tano zimejaa. Mmoja anauliza maziwa yote hayo yatafanywa nini. Napoleon, nguruwe, anasimama mbele ya ndoo na kuwaambia wasijali, mavuno ndiyo muhimu. Jioni wanarudi, maziwa hayapo.

Basi. Pale mwandishi hasemi nani kayachukua. Lakini mimi nimeshajua na nimeshakasirika, kabla wanyama wenyewe hawajashtuka. Kwangu nguvu ya fumbo la kisiasa, yaani kisa kinachosema siasa kwa mfano, iko hapo: hukumu naitoa mwenyewe. Ningeambiwa waziwazi kile Orwell anachokisema kupitia nguruwe, kwamba viongozi wa mapinduzi ya Urusi waliwasaliti watu wao, ningeanza kubisha, ningetaka kujua msemaji ni wa upande gani. Nguruwe sina sababu ya kumtetea. Nikija kutambua anamwakilisha nani, nimeshamtia hatiani.

Nabii Nathani alimfanyia hivyo Mfalme Daudi kwa kisa cha tajiri aliyempora maskini kondoo wake wa pekee. Daudi akawaka, akatamka kwamba mtu huyo anastahili kufa, ndipo akaambiwa ni yeye.

Shaaban Robert, katika Kusadikika (1951), anapita njia nyingine. Waziri anaitwa Majivuno, kwa hiyo ubaya wake haufichiki, na naona hapo fumbo linapungua makali. Linachopoteza linakirudisha barazani. Karama, mshtakiwa, anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote, hadi mbinguni na ardhini, wakarudi na mambo ya kuifaa nchi yao, wakaishia gerezani. Ukifika kwa mjumbe wa tatu unajua kitakachompata, na bado unaumia.

Kinachonikera ni filamu ya katuni ya Shamba la Wanyama, ya 1954. CIA, shirika la ujasusi la Marekani, iliigharamia kwa siri, na mwisho ukabadilishwa: wanyama wanawaasi nguruwe. Kitabuni wanachungulia tu dirishani, ndani nguruwe na binadamu wanacheza karata, na sura zao hazitofautishiki tena. Kwenye filamu binadamu wameondolewa mezani. Wamebaki nguruwe peke yao, na lawama yote ni yao.