Karafuu Kumi na Moja

Goli la pili la Diego Maradona dhidi ya Uingereza nililiona usiku mmoja mara saba likienda mbele na mara sita likirudi nyuma. Ilikuwa Wete, Pemba, mwaka 1986, uani kwa mjomba wangu. Nilikuwa na umri wa miaka tisa na vidole vyangu vilikuwa vikinuka karafuu.

Mechi yenyewe ilichezwa tarehe 22 Juni katika Uwanja wa Azteca, Mexico City, saa sita mchana ya huko, ambayo kwetu ni saa tatu ya usiku. Siku ile hatukuiona. Mtaani petu watu waliipata asubuhi yake redioni: Argentina mbili, Uingereza moja, na yote mawili kafunga Maradona. Wakubwa walikuwa bado wana uchungu wa Morocco, Waafrika wa kwanza kuongoza kundi lao katika Kombe la Dunia, ambao walikuja kutolewa na Ujerumani Magharibi kwa bao moja la dakika za mwisho. Morocco walipotoka, sehemu kubwa ya Wete ilihamia Argentina. Wazee waliokua chini ya Mwingereza hawakuhitaji kubembelezwa.

Kuanzia asubuhi ile kila mtoto wa kiume aliyegusa mpira wa matambara alijiita Maradona. Kaka yangu, aliyekuwa na miaka kumi na mitatu, alisikia kwamba Maradona ni mtu wa shoto, basi akaanza kujilazimisha kupiga kwa mguu wa kushoto, akajikwaa kwenye mzizi na kung'oa ukucha. Mama alimfunga kitambaa, na kesho yake alikuwa uwanjani tena, kwa mguu uleule. Walimwiga mtu ambaye hakuna hata mmoja wao aliyewahi kumwona akitembea, sikwambii kucheza. Walichokuwa nacho ni jina tu na yale waliyosikia redioni.

Miezi michache baadaye, msimu wa karafuu ukiwa umepamba moto, mjomba akarudi. Alikuwa baharia. Alishuka Mkoani na televisheni ya inchi kumi na nne, dekki ya video, na kanda tatu alizozifunga ndani ya kikoi kama mtu aliyebeba mayai. Mbili zilikuwa filamu za Kihindi kwa ajili ya shangazi. Ya tatu ilikuwa na karatasi nyeupe ubavuni, imeandikwa kwa kalamu kwa herufi za Kiarabu. Mimi na kaka tuliinama juu yake tukizisoma kama tulivyofundishwa chuoni, herufi moja moja: alif, lam, alif, ra, jim. Hakukuwa na irabu za kutusaidia. Kaka ndiye aliyetangulia kuunganisha. "Arjantin," akasema, kwa sauti ya chini kabisa. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kusoma kwa herufi zile kitu kisichokuwa Kurani, na nilishtuka kidogo, kana kwamba nimefungua mlango ambao sikujua kuwa ni mlango.

Mama akasema hapana mtu kwenda kwa mjomba kabla fungu letu la siku halijesha kuchambuliwa. Anayejua msimu wa karafuu anajua maana yake. Vikonyo vinaletwa kutoka shambani vibichi, vingine vya kijani, vingine vimeanza wekundu, na kila kimoja lazima kishikwe mkononi, karafuu zitengwe na makonyo, halafu zianikwe kwenye majamvi. Ukichambua tangu alasiri, utomvu unakuganda vidoleni na hautoki kwa sabuni. Siku ile nilichambua kwa kasi ambayo sikuwahi kuifikia tena. Tulipoinuka, karafuu chache zilibaki mfukoni mwa gauni langu. Sikuziweka kwa makusudi, lakini bila ya hizo nisingekuwa na cha kusimulia leo.

Mjomba aliiweka televisheni kwenye dirisha la ukumbini, uso wake ukitazama uani. Wanaume na vijana walikaa mbele juu ya majamvi, wanawake na sisi watoto wa kike pembeni, chini ya mwembe. Maalim wetu wa chuoni alipewa kiti. Hatukutarajia kama atakuja. Alikuja kwa sababu mjomba alimwomba: mkanda ulirikodiwa Ghuba, mtangazaji ni Mwarabu, na pale uani ni yeye tu aliyeweza kutufahamisha anasema nini.

Kilichotutia hofu ni umeme. Wakati ule Pemba nzima ilitegemea majenereta ya dizeli, na ilibakia hivyo mpaka 2010, kebo ya chini ya bahari ilipoletwa kutoka Tanga. Mtu akikohoa tu, watu waligeuka kuitazama taa. Shangazi alikaa na kibatari na kibiriti mapajani tangu mwanzo hadi mwisho. Usiku ule umeme haukukatika. Sijui kama kuna aliyeushukuru zaidi ya mimi.

Picha ilipotokea, jambo la kwanza lilikuwa zogo. Sote tulikuwa tunaisubiri ile jezi ya Argentina ya mistari ya buluu hafifu na nyeupe, na haikuwepo. Walikuwepo watu wa jezi nyeupe na watu wa jezi ya buluu iliyokolea. Kijana mmoja akasema mjomba kauziwa mkanda wa mechi nyingine. Mjomba akanyoosha kidole mpaka kikagusa kioo: "Huyu. Kumi. Mfupi huyu." Tukamwona. Alikuwa mfupi kweli, kifua mbele, mapaja mazito, na soksi zake zimemteremka. Kaka akageuka kunitafuta pale gizani, akaniangalia bila kusema kitu, akarejea kwenye televisheni.

Kipindi cha kwanza hakikuwa na goli, nami sina mengi ya kukieleza. Cha pili kilipoanza, kwenye dakika ya hamsini na moja, mpira ukapaa mbele ya goli la Uingereza, golikipa Peter Shilton akatoka na ngumi, na yule mfupi akaruka naye. Mpira ukaingia. Uani pakalipuka. Lakini wazungu walikuwa wanajipiga mikononi na kumkimbilia refa, na mtangazaji akalirejea neno moja mara mbili, tatu. Mjomba akauliza, "Anasemaje, Maalim?"

Maalim akangoja kelele zipungue. "Anasema mkono."

"Refa kakubali, Maalim."

"Refa kakubali, nami nasema mkono ni mkono."

Hapo ndipo tulipoambiwa kwamba refa mwenyewe ni Ali Bin Nasser, wa Tunisia. Lilitugusa vibaya. Baadhi ya wakubwa walimtetea, kwamba alikuwa amezibwa, kwamba mshika kibendera ndiye aliyestahiki kuona. Maalim hakumlaumu refa hata kidogo. Aliyemlaumu ni mchezaji. Na yalipokuja kumfikia maneno ya Maradona mwenyewe, kwamba goli lile lilikuwa kidogo kwa kichwa chake na kidogo kwa mkono wa Mungu, alisema astaghfirullah na hakutaka yarejewe mbele yake. Mimi niko pamoja na Maalim mpaka leo. Goli lile linaniuma, na linaniuma zaidi kwa kuwa limekaa dakika nne tu kabla ya lile jingine, na watu wameyafunga mawili hayo kama pacha.

Maana dakika nne baadaye Héctor Enrique alimpa mpira, bado wako nusu ya Argentina, pasi fupi ya kawaida ambayo mtu yeyote angeliweza kuitoa. Maradona akageuka. Waingereza wawili, Beardsley na Reid, walimjia kwa pamoja, na alipomaliza kugeuka wote wawili walikuwa nyuma yake. Akaondoka upande wa kulia, mpira gundi kwenye shoto, kila hatua anaugusa kidogo, kidogo. Butcher akapitwa. Fenwick akapitwa. Pale uani hakuna aliyepiga kelele, na hilo ndilo ninalolikumbuka kuliko yote: watu zaidi ya hamsini na nilimsikia popo kwenye mwembe. Shilton akatoka, akazungukwa, Butcher akarudi akateleza kwa mara ya pili, na mpira ukawa ndani.

Kisha ndiyo tukapiga kelele. Wazee walisimama. Mtu mmoja alilia, mtu mzima, wala hakuna aliyemcheka. Mama, ambaye hakuwahi kutazama mpira maishani mwake, alinishika mkono na kuniuliza, "Huyu ni nani huyu?"

Maalim aliinua kidole. "Mrejeze," akamwambia mjomba.

Mjomba akaurudisha mkanda huku picha ikionekana, na hapo ndipo nilipoliona goli lile kinyumenyume. Mpira ulitoka nyavuni ukamfuata mguuni. Butcher aliinuka kutoka majanini. Shilton alirudi golini kwake. Fenwick akapata tena pahala pake, na Maradona akaenda nyuma, nyuma, akiwarejeshea Waingereza nafasi zao mmoja mmoja, mpaka akampa Enrique mpira wake, kila mtu akawa salama kama kwamba hakuna lililotokea. Halafu mjomba akabonyeza, na wote wakaangushwa upya.

Mara ya tatu nikaingiza mkono mfukoni. Nilitaka kujua ameugusa mpira mara ngapi. Kila mguso nikahamisha karafuu moja kutoka mkono wa kulia kwenda wa kushoto. Nikakosea. Nikangoja mara ya nne, nikakosea tena pale kwa Fenwick, ambapo miguso inakwenda mbiombio. Mara ya tano, ya sita na ya saba nilikuwa mtulivu, na ilipomalizika ya saba nikafumbua kiganja mbele ya taa ya ukumbini. Kumi na moja. Yote kwa mguu wa kushoto.

Tulimalizia mechi, Lineker akafunga la Uingereza, na mwishoni wakatutia roho juu kwelikweli, lakini kila mtu alikuwa akilizungumza lile moja. Maalim aliposimama kuondoka alimwambia mjomba, "Hili ndilo bao. Lile la mwanzo angeliwacha." Njiani nikamwonesha kaka karafuu zangu. Akazihesabu kwenye mwanga wa tochi, akanirudishia. "Kumi na mbili," akasema. Nikamwambia nimehesabu mara tatu. Akasema na yeye kahesabu, kwa kichwa, na ni kumi na mbili. Tulibishana mpaka mlangoni, mama akatunyamazisha.

Msimu ule mkanda ulirudiwa mara nyingi sana, na karibu kila mara walirudisha palepale. Baada ya muda ikaanza kupita mistari meupe juu ya picha, hasa Maradona akimfikia Fenwick, na picha ikawa inatetemeka kama inayotazamwa ndani ya maji. Kabla haijafika sehemu hiyo sisi watoto tulikuwa tunajua: mistari ikija tu, goli linakuja. Mwisho unyevu wa Pemba ukaufikia, ukungu ukaingia ndani ya utepe, na dekki ikakataa kuusoma. Shangazi aliuhifadhi kabatini pamoja na zile filamu zake. Mjomba alikuwa amesharudi baharini.

Tarehe 25 Novemba 2020 nilikuwa nyumbani, Unguja, nimemaliza kusali isha, simu ikaanza kulia mfululizo. Maradona amefariki, kwao Argentina, na miaka yake 60 tu. Alikuwa ameitimiza chini ya mwezi mmoja kabla. Nilikaa chini kitandani. Watu walikuwa wananitumia lile goli, safi, rangi zimekoza, kila jani la uwanja linaonekana. Nililitazama, na alipomfikia Fenwick macho yangu yaliisubiri mistari meupe. Haikuja. Akapita bila ya mistari, akafunga, nami nikajikuta nalia kama yule mtu mzima wa uani.

Nikampigia kaka, Wete. Naye alikuwa macho. Hatukusalimiana sawasawa.

"Umesikia?"

"Nimesikia, dada."

Tukanyamaza kidogo. Nikamsikia anavuta pumzi.

"Zilikuwa kumi na mbili," akasema.

"Kumi na moja. Nilizishika mkononi."

"Ulizishika, ndiyo. Lakini ule wa mwisho, Butcher alipoteleza, wewe ulikuwa ushasimama. Kila mara ulikuwa unasimama kabla. Mimi nilikuwa nikigeuka nakuona."

Sikuwa na jibu. Miaka thelathini na nne, na hakuwahi kuniambia kwamba alikuwa anageuka. Nilimwambia angoje, asikate, nikaiweka simu juu ya meza, nikaenda jikoni kuchukua karafuu.